Muziki Chini ya Kitanzi: Chimbuko la Rili ya Aliyenyongwa

Katika jimbo la Quebec, mashariki mwa Kanada, watu wanaosema Kifaransa wana muziki wa fidla uitwao Reel du pendu, maana yake Rili ya Aliyenyongwa. Hauna maneno. Hupigwa kwa fidla, miguu ya mpigaji ikigonga sakafu, na wapigaji wa huko wanauhesabu kuwa mtihani mgumu wa mkono. Pamoja na muziki huo hutembea hadithi. Mtu mmoja alihukumiwa kunyongwa. Siku yake ilipofika, walinzi wakampa fidla wakamwambia, "Ukiweza kupiga muziki kwa chombo hiki, tutakuachia." Wengine husimulia kwamba mtu huyo hakuwa ameshika fidla maishani mwake. Wengine husema kwamba nyuzi za fidla ile zilikuwa zimeharibiwa kwa makusudi ili ashindwe. Akauchukua upinde, akaupiga muziki huu, akarudi nyumbani kwake akiwa hai.

Huenda msomaji atauliza muziki wa dansi unatafuta nini katika kitabu cha imani. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tukifuata njia iliyopitwa na rili tangu chimbuko lake, tunakutana na Kanisa karibu kila kituo, na si kila mara tunalikuta likiwa na mikono safi. Ya pili ni kwamba hadithi yenyewe inahusu hukumu na msamaha, mambo ambayo sisi Walutheri tunayaungama kila Jumapili. Tunapaswa kuyatambua hata tunapoyakuta yamevaa nguo za watu wengine.

Neno lililoandikwa na mshitaki

Rili ni muziki wa kuchezea, wa mwendo wa haraka. Kwa kawaida una sehemu mbili fupi. Kila sehemu hurudiwa, kisha zote huanza tena kadiri wachezaji wanavyotaka. Kwao ni Uskoti, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza. Moja ya mara za kwanza kabisa neno hilo kuchapwa ni katika kitabu kidogo kilichotolewa London mwaka 1591. Kitabu hicho hakikuandikwa ili kuusifu muziki. Kilikuwa taarifa ya kesi za uchawi.

Humo ametajwa Geillis Duncan, msichana wa kazi katika mji wa Tranent. Bwana wake alimshuku kwa sababu alikuwa akitoka usiku, na kwa sababu alikuwa na kipawa cha kuwasaidia wagonjwa. Akamtesa kwa kumbana vidole kwa chuma, na mateso yakaendelea mpaka akakiri. Katika ungamo hilo la maumivu ilielezwa kwamba wachawi walikusanyika usiku kwenye kanisa la North Berwick, na kwamba Geillis aliwatangulia akipiga rili kwa kinanda kidogo cha chuma kinachoshikwa mdomoni na kupigwa kwa kidole. Mfalme James wa 6 wa Uskoti akataka kuusikia muziki huo mwenyewe, akaamuru msichana aletwe aupige mbele yake. Huyu ndiye James ambaye baadaye alitawala Uingereza pia, na ambaye kwa agizo lake ilitolewa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Geillis alihukumiwa, akauawa.

Basi rili iliingia katika maandishi kwa mkono wa mshitaki. Watu wa vijijini walikuwa wakiicheza kwenye harusi na mavuno, na hawakuwa na haja ya kuiandika. Walioandika ni wale waliotafuta kosa. Jambo hili linatufundisha kusoma historia kwa uangalifu. Tukijua watu fulani kupitia mafaili ya mahakama tu, tutadhani maisha yao yote yalikuwa uhalifu.

Jinsi rili ilivyovuka bahari

Mji wa Quebec ulianzishwa na Mfaransa Samuel de Champlain mwaka 1608. Wafaransa walikuja na fidla zao, na mahali pa mapema tunapozikuta ni kanisani. Wajesuiti, mapadri waliolihudumia koloni lile, walikuwa na kumbukumbu za matukio. Wanaeleza kwamba katika ibada ya usiku ya Krismasi ya mwaka 1645 fidla ilipigwa pamoja na waimbaji. Ilikuwepo pia filimbi ambayo, ilipofika kanisani, haikupatana na sauti za wenzake. Kila mwalimu wa kwaya anaijua taabu hiyo.

Lakini kumbukumbu hizohizo, zikifika Februari 1667, zinataja dansi rasmi ya kwanza katika nchi ile, iliyofanyika nyumbani kwa mkubwa mmoja, na mwandishi anamwomba Mungu jambo hilo lisije likazaa mengine. Mwaka 1685 padri Saint-Vallier, ambaye baadaye alikuwa askofu wa pili wa Quebec, alimwandikia gavana Denonville na mkewe maonyo kuhusu karamu na dansi, akimtaja hasa binti yao. Chombo ambacho miaka 40 kabla kilimsifu Mtoto wa Bethlehemu sasa kilianza kutazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Mpaka hapo muziki wa Quebec ulikuwa wa Kifaransa. Rili ililetwa na vita. Mwaka 1759 jeshi la Uingereza liliuteka mji wa Quebec, na ndani ya jeshi hilo kulikuwa na kikosi cha 78, kilichoitwa Fraser's Highlanders, wanaume kutoka milima ya Uskoti. Vita ilipokwisha mwaka 1763 kikosi kilivunjwa, na wengi wao hawakurudi kwao. Maofisa wawili, John Nairne na Malcolm Fraser, walikuwa wamepewa ardhi huko La Malbaie, kando ya mto St. Lawrence, na baadhi ya askari wakafanya makao huko. Waskoti hao walioa mabinti wa Kifaransa. Haukupita muda mrefu, wajukuu wao wenye majina ya ukoo ya Kiskoti walikuwa Wakatoliki wasiojua lugha nyingine ila Kifaransa. Lugha ya babu ilikufa, lakini muziki wake ulibaki mikononi.

Karne ya 19 walikuja Waairishi, ambao nao walikuwa na rili zao. Wengi walikimbia njaa iliyofuata ugonjwa wa viazi. Mwaka 1847 meli zao zilitia nanga kwenye Grosse Île, kisiwa cha karantini katika mto uleule, zikiwa zimejaa wagonjwa wa homa. Zaidi ya watu 5,000 walizikwa kisiwani mwaka ule. Baadhi ya mapadri wa Kikatoliki na wachungaji wa Kianglikana waliokwenda kuwahudumia waliambukizwa, wakafa pamoja nao. Mapadri wa Quebec waliwahimiza waumini wao wawapokee yatima, na familia za Kifaransa zikawalea kama watoto wao, huku wengi wakiachiwa majina ya wazazi wao waliokufa. Tumelitaja Kanisa lilipoogopa na kuonya. Ni haki tulitaje pia lilipofungua mlango.

Kwa njia hizo mbili, ya askari na ya wakimbizi, rili ikawa ya Quebec. Wenyeji waliongeza cha kwao. Mpigaji huketi kitini, na miguu yake miwili hugonga sakafu kwa mpangilio wake wenyewe, kama ngoma chini ya fidla. Wakati mwingine waliongeza au kupunguza pigo mahali ambapo Mskoti asingefanya hivyo, na muziki ukawa na kilema kitamu ambacho mgeni hushindwa kukifuata.

Ibilisi jikoni

Majira ya baridi ya Quebec ni marefu. Watu walikusanyika katika jiko la nyumba moja, samani zikasukumwa kando, na mpigaji fidla akawekwa pembeni. Mapadri wengi walihubiri dhidi ya mikusanyiko hiyo, na fidla ikapata sifa ya kuwa chombo cha Ibilisi.

Hofu hiyo imehifadhiwa katika hadithi ya Rose Latulipe, iliyochapwa mwaka 1837 katika kitabu cha Philippe Aubert de Gaspé mdogo. Rose alipenda kucheza. Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, mgeni mtanashati alibisha hodi, akacheza naye mpaka usiku wa manane, saa ambayo siku takatifu za toba zilikuwa zinaanza. Mgeni yule alikuwa Ibilisi. Padri wa parokia alifika kwa haraka, akamnyang'anya msichana kutoka mkononi mwake.

Hadithi ya namna hii tusiicheke. Waliohubiri dhidi ya dansi walikuwa wameona ulevi, ugomvi na mabinti walioachwa na aibu, na mchungaji asiyewaonya watu wake ni mchungaji wa mshahara. Kosa lilikuwa kuuhamishia mti na nyuzi uzito wa dhambi inayokaa moyoni. Hata hapa kwetu tumeyaona, pale ngoma ilipofungiwa nje ya kanisa kwa miaka mingi, kisha siku moja ikaingia na kwaya na hakuna aliyeanguka. Wapigaji wa Quebec nao walikuwa wabatizwa. Waliopiga fidla Jumamosi usiku walipiga magoti Jumapili asubuhi katika kijiji kilekile.

Wanamuziki walioshtakiwa kufa

Sasa tuirudie hadithi ya aliyenyongwa. Haitoki katika daftari la mahakama. Ni simulizi la wananchi, nalo lina ndugu zake.

Uskoti wanamkumbuka James Macpherson, mpigaji fidla na kiongozi wa genge, aliyenyongwa katika mji wa Banff tarehe 16 Novemba 1700. Kunyongwa kwake ni historia. Mashitaka yake yalikuwa pamoja na kuwa mmoja wa watu wa kuhamahama waliokuwa wakiitwa Wamisri. Simulizi linaongeza kwamba alipiga muziki wake chini ya mti wa kunyongea, akatoa fidla yake kwa yeyote atakayeipokea, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu, akaivunja. Wanasimulia pia kwamba msamaha ulikuwa njiani, na wakubwa wa mji wakaisogeza saa mbele ili usimkute hai. Huko Kentucky, Marekani, ambako Waskoti na Waairishi wengi walihamia, husimuliwa juu ya mtu aitwaye Callahan aliyeketi juu ya jeneza lake mwenyewe akapiga fidla kabla ya kunyongwa.

Macpherson alikufa. Callahan alikufa. Katika simulizi la Quebec mtu anaachiwa. Watu wa Quebec walikuwa na sababu ya kuamini kwamba jambo kama hilo linawezekana. Mwaka 1751, wakati wa utawala wa Ufaransa, Françoise Laurent alikuwa gerezani Quebec, amehukumiwa kunyongwa kwa wizi. Desturi ya nchi ilikuwa kwamba mwanamke aliyehukumiwa angeweza kuokoka kwa kuolewa na mnyongaji, lakini nafasi ya mnyongaji ilikuwa wazi. Katika chumba cha jirani alifungwa Jean Corolère, mpiga ngoma wa jeshi, kwa kosa la kupigana na mwenzake kwa silaha. Françoise alizungumza naye kupitia ukutani mpaka akakubali kuiomba kazi ile. Akaipata, akaachiliwa, akaomba kumwoa, na mwezi Agosti wakafunga ndoa. Hilo si simulizi, limeandikwa katika kumbukumbu za nchi. Wote wawili walitoka hai, ingawa yeye alitoka akiwa na kazi ya kuwanyonga wenzake.

Nyuzi zilizopatanishwa kabla

Kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni wanakwaya, tueleze jinsi fidla inavyoandaliwa kwa Rili ya Aliyenyongwa. Fidla ina nyuzi nne. Kwa desturi hukazwa hivi, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba: do, so, re, la. Ukiipitisha upinde mtu asiyejua, sauti zake hazitulii. Kwa muziki huu mpigaji huzibadili. Huupandisha uzi wa kwanza na wa pili kwa toni moja kila mmoja, huuacha wa tatu, na huushusha wa nne kwa nusu-toni tatu. Sasa zinasema: do, so, do, mi. Mwanakwaya yeyote anajua do, so na mi zinatoa nini zikiimbwa pamoja. Hata kabla kidole hakijagusa uzi, upinde ukipita juu yao fidla nzima inavuma kwa upatano.

Kwa hiyo ile fidla iliyodhaniwa imeharibiwa ndiyo inayoubeba muziki. Mtu aliyezoea do, so, re, la akiichukua ataona kila kitu kimepotoka, na kumbe nyuzi zimekwisha kupatana zenyewe. Aina hii ya kukaza nyuzi inajulikana pia miongoni mwa wapigaji wa milima ya kusini mwa Marekani.

Aliyeufanya muziki huu ujulikane mbali zaidi ni Jean Carignan, aliyezaliwa Lévis, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Quebec, mwaka 1916, katika familia maskini. Alianza kufundishwa na baba yake akiwa mtoto mdogo, akapiga fidla barabarani ili kusaidia nyumbani, kisha akajifunza kwa Joseph Allard, bingwa wa kizazi kilichotangulia, na kwa sahani za santuri za Waskoti na Waairishi. Kwa miaka mingi aliendesha teksi mjini Montreal ili kulisha familia yake. Kelele za kazi za viwandani ziliudhuru usikivu wake. Mwaka 1974 nchi yake ilimpa nishani ya Order of Canada, na Yehudi Menuhin, mmoja wa wapigaji wakubwa wa violini duniani, alipiga pamoja naye. Carignan alifariki mwaka 1988. Chombo kile kilichokuwa kikionywa mimbarani kilitunukiwa na taifa kupitia mkono wa dereva wa teksi.

Tunachokiri sisi

Martin Luther, mwenyewe mpigaji wa kinanda cha nyuzi, alimwandikia mtunzi Ludwig Senfl mwaka 1530 kwamba baada ya theolojia hakuna kitu anachokipa heshima kama muziki. Wimbo wake wa Krismasi aliowatungia watoto, uliochapwa mwaka 1535, ulitumia kwanza sauti ya wimbo wa mchezo wa vijana wa Ujerumani. Hakuiuliza sauti ile ilitoka wapi kabla ya kuibatiza. Sisi warithi wake hatuna sababu ya kuogopa chombo chochote cha muziki. Tunayo sababu ya kuulizana kinatumika kumtukuza nani, na kumdhuru nani.

Lakini kuna swali zito zaidi. Ukiisoma Rili ya Aliyenyongwa juu juu, ni hadithi ya matendo. Mtu anapewa sharti, analitimiza kwa mkono wake, anaachiwa. Ndivyo moyo wa mwanadamu unavyopenda kusikia: nionyeshe la kufanya, nitafanya, nami nitaishi. Hatumlaumu aliyeisimulia. Maskini aliyesimama mbele ya mahakimu wa mfalme hakuwa na wakili wala fedha, na hadithi ilimpa angalau fidla.

Injili inatuonyesha mwingine aliyehukumiwa. Luka, katika sura ya 23, anatueleza juu ya mhalifu aliyetundikwa kando ya Bwana wetu. Huyo asingeweza kupewa fidla, kwa maana mikono yake ilikuwa imefungwa mtini. Hakuwa na sharti aliloweza kulitimiza wala muda wa kujifunza. Alichokuwa nacho ni kinywa, akakitumia kuomba akumbukwe, akaahidiwa peponi siku ileile. Yeye hakuachiwa kwa ustadi wake. Aliachiwa kwa sababu aliyekuwa kando yake alikuwa akiibeba hukumu.

Tukiisikia tena hadithi ya Quebec baada ya kusimama pale, tunaisikia vingine. Yule mtu, kama wanavyosimulia baadhi, hakujua kupiga. Nyuzi zilipatanishwa na mkono mwingine kabla hajafika. Alichofanya ni kuupitisha upinde juu ya upatano uliokwisha kuwekwa. Matendo yetu mema tunayaungama namna hiyohiyo. Tunayafanya kwa mikono yetu kwelikweli, lakini juu ya neema iliyotangulia, baada ya upatanisho ambao hatukuufanya sisi.

Wakumbukeni basi wafungwa, kama Waraka kwa Waebrania unavyotuagiza, hasa wale wasio na wakili wala mgeni wa kuwatembelea. Wakumbukeni wazee wanaonyoshewa kidole cha uchawi katika vijiji vyetu, kama alivyonyoshewa Geillis Duncan, na msiruhusu usharika wenu uwe mahali ambapo ungamo hutolewa kwa kubana vidole. Na wapigaji wa vyombo, wakija mlangoni pa kanisa na chombo ambacho hatukukizoea, tuwasikilize wakipiga kabla hatujawahukumu.